Kupasua njia si kusafisha shamba

Vita vya Ghuba vya mwaka wa 1991 vinakumbukwa kwa hesabu moja: masaa 100. Tangu tarehe 24 mpaka 28 Februari, muda huo ulitosha kwa majeshi yaliyoongozwa na Marekani kufukuza jeshi la Irak kutoka Kuwait. Wanaosifu haraka hiyo husahau watu waliotangulia mbele ya vifaru, yaani wahandisi wa jeshi. Husahau zaidi kile kilichobaki nyuma yao.

Vita hivyo havikuwa mbali na Congo kama watu wanavyofikiri. Zaire, wakati huo mwanachama wa Baraza la usalama, ilipiga kura ya ndiyo tarehe 29 Novemba 1990 kwa azimio 678, lililoruhusu nguvu itumike ikiwa Irak haingeondoka Kuwait mpaka tarehe 15 Januari.

Irak ilikuwa imejitayarisha. Jangwani ilirundika kuta za mchanga, ikatandika senyenge, ikachimba mahandaki, mengine ya kujazwa mafuta ili yawashwe moto, na ikatega mistari miwili ya mabomu ya ardhini. Vizuizi vya namna hiyo haviwekwi kwa kuua tu. Vinamsimamisha adui mahali pamoja ili mizinga impige vizuri.

Kwa hiyo mhandisi hakuwa na wakati wa kutafuta bomu moja moja. Alirusha roketi iliyovuta kamba ya baruti yenye urefu wa karibu mita 100. Kamba ilianguka juu ya mabomu na kulipuka pamoja nayo. Kisha vifaru vyenye majembe mbele vilisukuma pembeni yale yaliyosalia, na alama zikawekwa pande zote mbili ili madereva wasitoke njiani. Askari wa Marines wa Marekani walivuka mistari yote miwili siku ile ya kwanza. Ni kazi ya ushujaa, na haistahili kubaki mstari mmoja tu katika vitabu vya majenerali.

Lakini sifa isifunike ukweli. Upande mwingine wa jangwa, vifaru vyenye majembe na matingatinga vilifukia mahandaki, na askari wa Irak wakazikwa wazima humo ndani. Habari hiyo ilijulikana mwezi wa Septemba 1991. Katika ripoti ya mwaka wa 1992, Wizara ya ulinzi ya Marekani ilisema kwamba sheria ya vita haikuvunjwa. Hata hivyo, kila aliyefukiwa alikuwa na mama aliyengojea habari zake, na hakuna sheria inayomjibu mama huyo.

Tena, njia iliyopasuliwa ilikuwa nyembamba, ya kupitisha vifaru. Kulia na kushoto mabomu yalibaki. Vita vilikwisha kwa masaa 100, lakini kazi ya kuyaondoa ilichukua miaka, na baadhi ya walioifanya walipoteza maisha wakati wakubwa walikuwa wamekwisha kusherehekea ushindi.

Wengine watasema mhandisi hangeweza kusafisha jangwa lote chini ya risasi. Ni kweli, na kosa si lake. Kosa ni la wale wanaofunga hesabu ya vita siku bunduki zinaponyamaza.

Mkaaji wa mashariki mwa Congo anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Jeshi likipita, barabara inatangazwa kuwa wazi, na watu wanaambiwa warudi vijijini. Lakini mama hapandi muhogo barabarani. Anarudi shambani, na mtoto anachunga mbuzi porini, mahali ambapo kombora lisilolipuka linaweza kuwa limelala majanini.

Congo ilijiunga mwaka wa 2002 na mkataba wa Ottawa unaokataza mabomu ya kutegwa ardhini. Mkataba huo unadai inchi isafishe ardhi yake ndani ya miaka 10, na Congo imeomba kuongezewa muda zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kiongozi anapotangaza kwamba usalama umerudi, wakaaji wana haki ya kumuuliza swali moja: ni barabara iliyofunguliwa, ao ni shamba lililosafishwa? Mpaka jibu lihusu shamba, vita havijakwisha.