Neno "Haikupimwa"



Katika toleo hili twaomba ruhusa yenu tuyaache kwa kitambo maneno ya mishahara na nyumba, tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la mafundi peke yao, yaani upimaji wa transfoma, ambazo wengine huziita mashine umba. Tumelichagua kwa sababu kila kipimo akichukuacho fundi hatimaye hufika mezani kwa karani. Na karani akikipokea bila kukitazama, huwa ametia mkono wake katika kosa asilolianza yeye.

Transfoma nyingi tuzionazo juu ya nguzo hupokea umeme wa volti 11,000 au 33,000 na kuushusha hata volti 400. Ndani yake mna misokoto ya waya iliyovikwa karatasi na kuzamishwa katika mafuta. Karatasi na mafuta hayo ndiyo yauzuiayo umeme usiruke mahali usipotakiwa, na adui zake wakubwa ni joto na maji. Kwa hiyo fundi huja na mega, akausukuma umeme wa kupimia kwa dakika moja, akasoma ni megaomu ngapi. Huchota mafuta, akayatia katika chombo chenye vichwa viwili vya chuma vilivyoachana milimita 2.5, akapandisha volti mpaka cheche iruke. Hutazama pia chembe za silika katika kipumulio: zile za samawati zikigeuka rangi ya waridi, unyevu umezishinda.

Mwandishi wa maneno haya hana budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa, alikuwa akipokea fomu za vipimo kila robo ya mwaka. Transfoma moja iliandikwa megaomu 2,000 mara nne mfululizo, na jirani zake tatu vivyo hivyo. Aliziona tarakimu hizo zimefanana kama mapacha, akazipiga muhuri, akazitia katika jalada. Masika ilipofika transfoma ile ikaungua usiku. Ilipofunguliwa, maji yalikutwa chini ya mafuta. Zahanati ya mahali pale ilikaa gizani siku nne, na wauguzi wakazalisha kwa taa ya mkono. Hapana aliyekufa, twamshukuru Mungu. Lakini fomu zile zilikuwa zikisema kwamba chombo ni kizima.

Baadhi yenu mtasema, "Mimi ni karani, nitajuaje mambo ya umeme?" Jibu ni kwamba uongo wa namna hii haudai elimu ya umeme ili utambuliwe. Kipimo cha mega hufuata joto: kwa kadiri, joto likizidi nyuzi 10 za sentigredi, megaomu hupungua kwa nusu. Transfoma iliyosomwa 2,000 asubuhi ya baridi, mafuta yakiwa nyuzi 30, yaweza kusomwa karibu 1,000 mafuta yakifika nyuzi 40, wala haina ugonjwa wo wote. Basi vipimo vinne vya majira manne vikiwa sawasawa kabisa, karani na aulize. Tena fomu isiyotaja tarehe, saa, joto la mafuta na volti za mega iliyotumika, hiyo si habari kamili, na yapasa irudishwe.

Wala kipimo kimoja hakisemi mengi. Kinachosema ni mfuatano wake. Mega ikisoma 2,000 mwaka wa kwanza, 1,400 mwaka wa pili, na 700 mwaka wa tatu, joto likiwa lile lile, hapo transfoma inalia, na wakati wa kuikausha au kuyasafisha mafuta yake ungaliko. Anayenakili tarakimu ya mwaka jana amekizima kilio hicho. Ndiyo maana daftari la karani ni chombo cha kupimia kama mega yenyewe.

Neno hilo hilo lahusu fyuzi. Fyuzi ikikatika, ni shahidi aliyekuja kutoa habari. Kuweka waya mnene zaidi mahali pake ili taa ziwake upesi ni kumziba shahidi kinywa. Fundi mwenye adabu ya kazi hukata umeme pande zote mbili, hufunga kwa kufuli, huhakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo, hufunga waya wa ardhi, ndipo hugusa. Kisha hutafuta sababu: mzigo uliozidi, waya uliogusana, au hitilafu ndani ya transfoma. Sababu hiyo nayo iandikwe.

Lakini tusiwaonee mafundi wetu. Twajua kwamba pengine mega ni moja kwa wilaya nzima, gari halina mafuta, na fomu zadaiwa mwisho wa mwezi. Mtu akibanwa hivyo hushawishika kujaza nafasi zote ili mkubwa wake aridhike. Kwa hiyo twawaomba wakubwa, kwa heshima zote, walikubali neno moja fupi, "Haikupimwa," bila kumwadhibu aliyeliandika. Neno hilo si aibu. Lamwambia asomaye kwamba pana kazi iliyobaki, na lampa sababu ya kuomba mega ya pili. Tarakimu ya kubuni haiombi kitu. Yasema yote ni mema, mpaka usiku wa moto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Basi twapendekeza kwamba katika mkutano ujao wa chama kila tawi lijadili mambo mawili: kwamba makarani tusipokee fomu yenye upungufu tuliokwisha kuutaja, na kwamba chama kimtetee mwanachama ye yote atakayepata taabu kwa kuandika kweli. La pili ni zito kuliko la kwanza, maana hatuwezi kumdai fundi ukweli kisha tumwache peke yake siku ya kuulizwa.

Mhariri