Jembe Hutolewa na Mwenyeji

Wanachama watukufu,

Barua imetufikia kutoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Wataka kuleta wanafunzi 14 hapa Pemba kwa majuma matatu, wakae majumbani mwa wakulima wa karafuu, wafanye kazi nao, na kazi hiyo ihesabiwe katika masomo yao. Kamati itakutana kulijibu jambo hili, nasi twaona ni haki wanachama wayajue maoni yetu kabla jibu halijapelekwa.

Wako waliosema tukubali upesi, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako waliosema tukatae, kwa kuwa wanawakumbuka vijana waliokuja miaka ya nyuma wakatujengea sakafu ya kuanikia karafuu. Fedha walizichanga wenyewe, ramani walikuja nayo, na hawakumwuliza hata mzee mmoja. Sakafu ikajengwa karibu na miembe, pahala ambapo jua halifiki ila adhuhuri, na mvua ikinyesha maji husimama. Karafuu isiyokauka upesi huvunda na kugeuka rangi, na ikifika kituoni hushushwa daraja. Leo pale hulala mbuzi. Na mafundi wetu walikaa barazani bila ya kazi, wakitazama watoto wa watu wakijifunza kukoroga saruji.

Sisi hatuwalaumu vijana wale. Kosa lilikuwa letu pia, kwani tulinyamaza kwa haya, tukaona mtu anayetoa hakosolewi. Lakini wazee walituachia neno: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tuliangalie vizuri neno hilo. Siku mbili za mwanzo mgeni hutazama. Siku ya tatu hupewa jembe; hakuja nalo. Mwenyeji ndiye ajuaye konde lipi lina magugu.

Hata huko ng'ambo jambo hili limekwisha kusemwa. Mwaka 1968 Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuwa wakijitayarisha kwenda kutumika Mexico kwamba waende kutazama na kusoma, lakini wasiende kusaidia. Sisi hatufiki umbali huo. Twasema wajifunze kwanza, kisha wasaidie pale tutakapowaonyesha. Kwa hiyo twapendekeza masharti manne.

Kwanza, wakati. Likizo yao huangukia Juni hadi Agosti. Mavuno yakishapamba moto, hapana nyumba yenye nafasi ya kumtunza mgeni, kwani mchana ni kuchuma na usiku ni kuchambua. Waje Juni, masika yakiisha.

Pili, kazi yenyewe. Wasikwee mikarafuu. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na wameanguka hata watu waliokwea tangu utoto wao. Wala wasijihesabie sifa kwa miche. Mtu akipanda mche akaenda zake baada ya majuma matatu, nani atautilia maji na kivuli wakati wa kiangazi? Mkarafuu hutaka miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa. Tunalolikosa sisi ni daftari. Hatujui katika mashamba ya wanachama ni mikarafuu mingapi iliyozeeka, mingapi michanga, na mingapi inayokauka. Na kila tukiomba miche kwa Serikali twaomba kwa kukisia. Kijana mwenye kalamu, akifuatana na mkulima shamba kwa shamba, aweza kutuanzia hesabu hiyo. Daftari liandikwe kwa Kiswahili, na libaki ofisini kwetu.

Tatu, waje pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa idadi iliyo sawa. Wao wanaijua lugha, na wageni wakishaondoka wao wapo, hesabu isikatike.

Nne, malipo na adabu. Bei ya chakula na malazi ijulikane mapema, na fedha apewe mama wa nyumba mkononi mwake, kwani yeye ndiye atakayeamka alfajiri kwa ajili ya mgeni. Fundi akihitajika, aajiriwe wa hapa. Mavazi yawe ya heshima, na mtoto asipigwe picha ila kwa idhini ya wazee wake.

Huenda wengine wakaona masharti haya ni mazito kwa watu wanaotutakia kheri. Sisi twaona anayekutakia kheri kwa kweli hufurahi akiambiwa la kufanya. Wakikubali, milango i wazi. Wakikataa, tumekosa sakafu nyingine ya mbuzi.

Mwanachama mwenye rai nyingine na aje ofisini aiseme kabla ya kikao, si baada ya wageni kushuka Mkoani. Safari iliyopita sote tulisema, lakini tulisema wakati saruji imekwisha kukauka.

Wabillahi taufiki.

Katibu