Mchezo Uwanjani na Mchezo Gatini

Husemwa mara nyingi kwamba michezo huunganisha watu, hasa wakati wa vita. Sisi twauliza: huwaunganisha akina nani?

Mwaka 1944, katikati ya Vita Kuu ya Pili, kituo cha mafunzo ya wanamaji cha Great Lakes, kaskazini ya Chicago huko Marekani, kilikuwa na timu hodari ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi. Mwalimu wake alikuwa Paul Brown, aliyetoka chuo kikuu cha Ohio State. Msimu ule timu ilishinda mechi 9, ikatoka sare 1 na kushindwa 2, mojawapo na Notre Dame, chuo cha Kikatoliki. Hatuna ugomvi na wachezaji wale. Kijana anayengoja kupelekwa vitani anastahili furaha ya Jumamosi moja.

Lakini katika kituo hichohicho, kuanzia 1942, vijana weusi walifundishwa ubaharia katika kambi iliyotengwa. Wengi hawakupewa kazi waliyojifunza, bali walipelekwa Port Chicago, California, kupakia mabomu melini, kazi ambayo hawakufundishwa kabisa. Huko nako palikuwa na mashindano. Maofisa, wote Wazungu, walishindanisha vikosi kwa kasi ya kupakia, wakawekeana dau. Mchezo tunaoulaani ni huo! Tarehe 17 Julai 1944 mabomu yalilipuka. Watu 320 walikufa, na 202 kati yao walikuwa mabaharia weusi.

Walionusurika walipoamriwa kupakia tena, wengi walikataa, na 50 wakashtakiwa kwa uasi. Je, kukataa kufa kwa uzembe wa mkubwa ni uasi? Tarehe 21 Oktoba, Great Lakes ilifungwa na Ohio State 26 kwa 6. Siku tatu baadaye mahakama ya kijeshi, baada ya kushauriana kwa dakika 80 tu, iliwatia hatiani wote 50. Kila mmoja alipewa kifungo cha miaka 15, ingawa wengi walipunguziwa baadaye.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifuta hukumu hizo tarehe 17 Julai 2024. Wakati huo hakuna hata mmoja wa wale 50 aliyekuwa hai.