Mlango Upi Ubishwe Kwanza?



Wiki iliyopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa hapa Mombasa, msomaji wetu wa siku nyingi. Binti yake amehitimu udaktari na sasa anawania nafasi ya mafunzo ya ubingwa katika hospitali za Marekani. Amekwisha hojiwa na hospitali saba, na amebakiwa na kazi moja: kuziandika kwa mpangilio, aipendayo zaidi mwanzo, kisha ya pili, hata ya mwisho, na kuipeleka orodha hiyo kabla ya siku iliyowekwa. Hospitali nazo zinaandika orodha za wale zilizowahoji. Kompyuta ndiyo itakayooanisha orodha hizo, na matokeo yake ni ahadi inayozifunga pande zote mbili.

Mjomba wa binti anamsihi aanze na ile hospitali ndogo ya mji wa mbali. Kubwa haitamchukua, asema mjomba, na atakapokuwa ameikosa, hiyo ndogo nayo itakuwa imejaa. Shangazi ana shauri lake pia. Binti ameolewa mwaka jana, na mumewe, daktari kama yeye, anaomba nafasi mwaka huu huu. Basi mume atangulizwe, mke afuate palipobaki. Mama anatuuliza asikizwe nani.

Tumechelewa kujibu kwa kuwa jambo lenyewe lilihitaji kusomwa. Tumelisoma, na kwa heshima zote tunazodaiwa na wazee hawa wawili, tunaona shauri la mjomba ni la kuachwa, na la shangazi lilikwisha jaribiwa huko huko Marekani likashindwa.

Hofu ya mjomba haikuzuka hewani. Ni hofu ya mtu aliyelijua soko la namna nyingine, nalo liliwahi kuwako. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani ziliwagombea madaktari wanagenzi hata zikawa zinawafunga kwa ahadi mapema kupita kiasi; kufikia mwaka 1944 mwanafunzi aliweza kuajiriwa karibu miaka miwili kabla hajahitimu, wakati hakuna ajuaye atakuwa daktari wa namna gani. Vyuo vikaafikiana kuzuia taarifa za wanafunzi hadi tarehe maalumu. Mbio hazikwisha, zilihamia kwingine: sasa hospitali ilitoa nafasi na kudai jibu papo hapo. Mwaka 1949 hata muda wa saa 12 wa kufikiri ulikataliwa kwa kuonekana mrefu mno. Katika soko kama hilo mjomba angekuwa na haki, kwani anayemngojea ampendaye humkosa aliyepo. Wasomaji wetu waliopata kuletewa posa wakaambiwa jibu litakiwa kabla ya Magharibi hawahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1952 madaktari wa Marekani walianzisha mpango mmoja wa kuoanisha orodha zote mahali pamoja. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, wanahesabu wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi juu ya jambo hilo hilo pasi na kujua kwamba madaktari walikwisha litumia. Mfano wao mmojawapo ulikuwa ndoa. Walitafuta mpangilio ulio thabiti, yaani usiokuwa na watu wawili ambao kila mmoja angempenda mwenziwe kuliko yule aliyepangiwa. Wakiwapo wawili kama hao watatoroka, na mpangilio utavunjika. Mwaka 1984 Alvin Roth alibainisha kuwa njia ya madaktari na njia ya Gale na Shapley kimsingi zilikuwa moja. Roth alichunguza pia mipango ya mikoa ya Uingereza: ile ya Newcastle na Birmingham, isiyokuwa thabiti, iliachwa, ya Edinburgh na Cardiff, iliyokuwa thabiti, ikadumu. Yeye na Shapley walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amefariki mwaka 2008.

Sasa tuirudie hofu ya mjomba. Hesabu hiyo humchukua binti mpaka mlango wa hospitali aliyoiandika kwanza. Ikiwa ina nafasi, humshika, lakini haimpi ahadi ya mwisho. Akija mwingine ambaye hospitali ilimwandika juu zaidi na nafasi zimejaa, binti huachiliwa, naye huenda kwenye mlango wa pili. Na hapa ndipo penye siri yote: hospitali ya pili haitazami nani alitangulia kufika. Hutazama orodha yake tu. Ikiwa ilimwandika binti juu ya mmoja wa wale inaowashikilia, itamwachilia huyo na kumshika binti, hata akifika wa mwisho. Hakuna mlango unaofungwa kabisa mpaka kila mtu amalize kubisha. Kuanza na hospitali kubwa, basi, hakumpotezei chochote kwenye ile ndogo. Kuanza na ndogo ndiko kutakakompotezea, kwa sababu ikimshika na isipate aliye bora kwake, hatafikishwa kamwe kwenye ile aliyoitaka kweli.

Kuna jambo ambalo akina mama tuliozungumza nao walilipokea kwa kicheko, kisha kwa kimya. Gale na Shapley walionyesha kuwa upande unaobisha ndio unaofaidika. Wanaume wakiposa na wanawake wakangoja, kila mwanamume hupata aliye bora kwake katika mipangilio yote iliyo thabiti, na kila mwanamke humpata wa chini kabisa katika hiyo hiyo. Wanawake wakiposa, mizani hugeuka. Kwa miaka mingi mpango wa Marekani uliendeshwa kana kwamba hospitali ndizo zinazobisha. Wanafunzi walipolalamika, Roth na Elliott Peranson waliupanga upya, na tangu mwaka 1998 wabishao ni waombaji. Hata hivyo tusilikuze jambo: walipopima tofauti kwa orodha halisi, waliona ingewagusa takriban waombaji mmoja katika 1,000.

Bi Khadija (radhiyallahu anha) alibisha mwenyewe, kwa ujumbe aliompa Nafisa. Lakini hakubisha gizani. Alikuwa amemkabidhi Mtume (swallallahu alayhi wasallam) mali ya biashara kwenda Sham, na Maysara akarudi na habari za uaminifu wake. Kujua kulitangulia kuomba.

Hilo ndilo linalotupeleka kwenye mahojiano, ambayo kwa maoni yetu ndiyo sehemu ngumu ya safari hii na ndiyo iliyostahili wasiwasi wa jamaa wote. Hesabu ya Gale na Shapley huchukulia kuwa kila mtu anajua anachokitaka. Mahali ambapo mtu hakuhojiwa hapana njia ya kumwoanisha, kwani hospitali haikumjua na haikumwandika. Kompyuta hufanya uadilifu baina ya waliokwisha kutana. Nani akutane na nani huamuliwa kabla yake, miezi ya Oktoba hadi Januari, na hakuna hesabu ya namna hiyo inayoulinda uamuzi huo. Tangu mwaka 2020 mahojiano mengi hufanywa kwa video. Nauli imeondoka, nayo ni afueni kubwa kwa anayetoka mbali. Lakini mwombaji mwenye alama za juu naye sasa aweza kukubali mialiko mingi kuliko anayoihitaji, na wa katikati wakakosa. Madaktari wa masikio, pua na koo walijaribu dawa katika msimu wa 2020 na 2021: kila mwombaji alipewa ishara tano za kuzipelekea hospitali anazozipenda hasa, ili zijue kuwa hakuandika kwa kubahatisha. Fani nyingine zikaiga. Binti yetu amekwisha vuka kizingiti hicho mara saba. Wadogo zake wanaomfuata ndio wanaohitaji kuzoezwa kuzungumza.

Limebaki shauri la shangazi. Zamani mume na mke walioomba pamoja walilazimika kumtaja mmoja wao kuwa kiongozi. Yeye alipangiwa kwanza, kisha mwenzake akatafutiwa karibu naye. Wengi walilikimbia jambo hilo wakajitafutia wenyewe nje ya mpango. Katika miaka ya 1980 likaachwa, na tangu hapo wanandoa huandika jozi za hospitali. Hesabu yao ni ngumu zaidi, tukiri. Mume akisukumwa nje ya hospitali yake, mke naye hulazimika kuondoka alipokuwa ameshikwa, ilhali hospitali hiyo ilikwisha waachilia wengine kwa ajili yake. Roth alionyesha kuwa palipo na wanandoa, mpangilio thabiti waweza usiwepo kabisa. Lakini yeye na Peranson walipojaribu kwa orodha halisi za miaka kadhaa, waliupata kila mara.

Basi mama, waketi wawili hao kwenye meza moja. Mume amehojiwa na hospitali tano, umetuandikia, na mke saba. Jozi zinazowezekana ni 35, na zaidi ya hapo wanaruhusiwa kuandika jozi ambayo mmoja wao anabaki bila nafasi. Waulizane, bila ya mjomba wala shangazi chumbani, kama wangependa kutengana mwaka kwa ajili ya hospitali bora, au wawe mji mmoja katika hospitali za kawaida. Waandike hivyo hivyo. Na pale wasipokuwa tayari kwenda wasipaandike, maana wakipangiwa wamefungwa.

Matokeo hutangazwa Ijumaa ya wiki ya tatu ya Machi. Tuandikie siku hiyo, inshaallah, hata ikiwa ni mstari mmoja.