Kijana wa Kilwa atafute ufadhili kabla ya viza

Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na gesi ya Songosongo inazalisha umeme tangu 2004. Wilaya yenye utajiri huo inastahili wana wake wenye shahada za uzamili za uhifadhi na nishati. Kinachowakwamisha wengi wanaoomba viza ya kusoma ng'ambo ni salio la benki. Uingereza humtaka mwombaji aonyeshe ada na fedha za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada, hutaka takribani yuro 11,900 za mwaka ziwekwe katika akaunti maalumu. Mkulima gani wa ufuta anazo? Barua ya ufadhili kamili, kama wa Chevening wa Uingereza au DAAD wa Ujerumani, hutosha kuwa uthibitisho wa fedha.

Kweli, nafasi hizo ni chache, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia vizuri. Anayekosa asome huko kwa fahari. Lakini kuuza shamba la ukoo kwa ajili ya viza inayoweza kukataliwa ni kuwatwisha ndugu wote hatari ya mmoja. Wanaohofia kwamba wasomi hawatarudi wakumbuke kuwa Chevening humtaka mhitimu arejee kwao kwa angalau miaka miwili.