Spektromita na Haki ya Mchimbaji Mdogo

Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, na mengine kufuatia mikoani, mchimbaji mdogo ana mahali pa wazi pa kupeleka dhahabu yake, wala hana sababu ya kupimiwa chumbani mwa mlanguzi. Hilo twalisifu. Lakini bei haiamuliwi na uzito pekee. Huamuliwa pia na usafi wa dhahabu, na usafi hausomwi kwa macho. Ipo spektromita ya mkononi, umbo lake kama bastola, ambayo hupiga miale ya eksirei juu ya madini. Kila elementi hurudisha mwale wake yenyewe, na kifaa huihesabu na kuandika asilimia. Mchimbaji husimama mbele yake kama mshitakiwa asiyeijua lugha ya mahakama.

Hatusemi kuwa wapimaji ni wezi. Twasema kuwa kifaa hiki chaweza kukosea bila ya mtu yeyote kukusudia. Kikitumiwa kabla hakijapata moto wake, husoma ovyo. Vumbi likigandamana juu ya utando mwembamba wa dirisha lake, miale hupotea njiani. Aliyepima udongo asubuhi akasahau kubadili programu, kisha akapima kipande cha dhahabu, atapata tarakimu zisizo na maana, nazo zitatokea kiooni nzuri kabisa, zenye nukta na desimali! Zebaki nayo ina hila yake: mwale wake wakaribiana na ule wa dhahabu, na dhahabu ambayo haikuchomwa vema hubaki na zebaki ndani.

Kubwa kuliko yote ni kwamba kifaa hiki huona ngozi tu. Katika dhahabu, miale hairudi kutoka kina kinachofikia hata unene wa unywele mmoja. Kipande kilichopakwa dhahabu nje chaweza kumdanganya mnunuzi, na kipande chema chenye uchafu juu chaweza kumpunja muuzaji. Kwa hiyo yafaa kipande kisuguliwe, kipigwe mahali patatu au zaidi, na penye shaka kiyeyushwe upya.

Huko machimboni hatari ni nyingine. Jiwe lenye gramu 5 za dhahabu katika tani moja ni jiwe la kutajirisha, lakini spektromita ya mkononi haiwezi kuziona gramu hizo kwa hakika. Na penye zinki nyingi yaweza hata kutaja dhahabu isiyokuwapo. Mwenye kuuza shimo kwa kuonyesha kioo cha mashine auza maneno. Sampuli yapasa kusagwa na kupelekwa maabara.

Nchi hii yajua gharama ya ubishi wa vipimo. Mwaka 2017 kamati ya Profesa Mruma ilisema makontena 277 ya makinikia yalikuwa na dhahabu tani 7.8, kampuni ya Acacia ikasema ni ndogo mno kuliko hiyo. Ubishi ule uliitikisa sekta nzima hadi mapatano na Barrick mwaka 2019. Mchimbaji mdogo hana kamati wala wakili. Asilimia 5 za usafi katika gramu 200 ni gramu 10 za dhahabu, nazo zikipotea kwake, mrabaha wa Serikali pia umepungua.

Dawa yake si ghali. Kila soko liwe na kipande cha dhahabu ambacho usafi wake umethibitishwa na maabara. Kila asubuhi, na kila mara betri inapobadilishwa, mpimaji akipime kwanza hadharani, mbele ya wauzaji na wanunuzi. Tarakimu ikitofautiana na ile inayojulikana kupita kiasi kilichoruhusiwa, kifaa kiwekwe kando mpaka kirekebishwe, hata kama foleni ni ndefu. Na tarakimu hiyo ya asubuhi iandikwe katika stakabadhi ya mchimbaji, juu ya bei aliyolipwa.