Karani wa Baruapepe na Kauli ya Mwenyewe

Mjumbe hauawi, walinena wahenga. Kinga hiyo ilimfaa aliyebeba maneno ya mwenzake bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Karani wa mtandaoni wa leo si mjumbe wa namna hiyo. Akiwa Nairobi au Eldoret, hufungua kisanduku cha baruapepe cha mfanyabiashara wa New York ambaye huenda hawajapata kuonana ana kwa ana. Kwa kuwa Nairobi iko mbele ya mji huo kwa saa saba au nane, kutegemea majira, mwajiri anapoamka hukuta taka zimefutwa, miadi imepangwa na wateja wamejibiwa. Wamejibiwa kwa jina lake, kwa maneno asiyoyatunga na pengine asiyoyasoma.

Kazi yenyewe si ya kubezwa. Inawapa riziki vijana waliohitimu wakakosa ajira za ofisini, na hapana dhambi mtu mwenye shughuli tele kumkabidhi mwingine uchambuzi wa barua zake. Kinachostahili kuhojiwa ni pale ukarani unapovuka kutoka kupanga hadi kunena. Kutenga ankara na matangazo ni kazi ya mikono. Kuahidi, kukataa, kuomba radhi na kutoa rambirambi ni vitendo uneni, na mwanafunzi yeyote wa pragmatiki anajua kwamba uzito wake hutegemea ni nani anayevitenda. Mathalani, mteja huandika kuwa amefiwa na mzazi, hivyo atachelewa kulipa. Karani mwenye majibu kumi yaliyoandaliwa humtumia lile la kumshukuru kwa ujumbe wake na kumkumbusha kulipa kabla ya Ijumaa. Mswahili wa pwani angeanza na makiwa. Deni lingengoja siku nyingine.

Isitoshe, tangu Gmail ianze mwaka 2017 kuwapendekezea watumiaji wake majibu mafupi ya kubofya, na hasa baada ya ChatGPT kuzinduliwa Novemba 2022, karani mwenyewe naye amepata karani. Barua huweza kupitia kinywa cha tatu, kisichojua haya wala huruma. Mwajiri hudhani karani ndiye aliyejibu, karani kaiachia mashine, na aliyepewa ahadi hajui amdai nani.

Ofisi za jadi zilikuwa na dawa ya jambo hili, nayo ni herufi tatu tu: k.n.y. Aliyetia sahihi kwa niaba ya mkuu wake alijitaja, na msomaji akajua kauli ni ya nani na mkono ni wa nani. Teknolojia haikuifuta dawa hiyo. Programu ya Outlook humwezesha karani kutuma barua inayoonyesha wazi kuwa ameiandika kwa niaba ya mwingine, wala hahitaji kukabidhiwa nywila. Hata hivyo wapo waajiri wanaopendelea kugawa nywila (sawa na kumpa mpishi ufunguo wa chumba cha kulala) ili anayeandikiwa asitambue kitu. Usiri huo unamhatarisha karani kwanza. Jambo likiharibika, mwenye jina husema hakuandika, na aliyeandika hana jina. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai mkataba wa maandishi baina ya anayeamua matumizi ya data na anayeishughulikia kwa niaba yake, lakini kijana aliyepata kibarua kwa ujumbe wa simu ni nadra auulizie.

Idara za Kiswahili zina sehemu yake hapa. Utungaji wa kiuamilifu humfunza mwanafunzi kuandika baruapepe kwa jina lake mwenyewe, ilhali huenda riziki yake ikatokana na kuandika kwa jina la mwingine. Afunzwe basi namna ya kuandika kwa niaba: lini ajibu, lini amrudishie mwenyewe barua, na mahali pa kutia zile herufi tatu.